Radio ya satelaiti kwa kazi na kwa nyumba: ujue unachonunua

Mama mmoja mshonaji wa hapa Butembo alituletea radio yake mpya kwa studio, ndani ya kartoni, akitaka tumuonyeshe fasi ya kuwasha satelaiti. Alikuwa amemuuliza mwenye butiki: «Papa, hii inashika satelaiti?» Naye akajibu: «Inashika dunia yote, Mama.» Tulipoifungua tukaona antena ya fimbo ya kuvuta, na vifungo vilivyoandikwa FM, AM, SW1 mpaka SW7. Ilikuwa radio nzuri ya mawimbi mafupi. Satelaiti haimo. Mama alikuwa amelipa mara tatu ya bei ya radio ya kawaida juu ya neno moja.

Si yeye peke yake. Tangu simu za kununua mega zimezidi kula pesa, watu wengi wanatuuliza kama kuko radio ya satelaiti ambayo mtu anaweza kuweka kazini na nyumbani, asikilize bila kulipa intaneti. Jibu ni kwamba kuko njia, lakini haiko ile watu wanayofikiri. Radio ndogo ya mkono inayoongea moja kwa moja na satelaiti, hakuna anayeiuza kwa Afrika leo ikafanya kazi. Zamani ilikuwako. Ni vizuri kuelewa namna ilivyokuja na ilivyokufa, sababu vyombo vyake bado vinatembea kwa masoko.

Mwaka 1990 mtu mmoja anayeitwa Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, alianzisha kampuni ya WorldSpace huko Marekani. Wazo lake lilikuwa Afrika: bara kubwa, barabara mbaya, minara ya FM michache, watu wengi wasiopata habari. Tarehe 28 Oktoba 1998 satelaiti yao AfriStar ilirushwa kutoka Kourou, kule Guyane ya Ufaransa, na mwaka 1999 vipindi vikaanza kusikika. Ulikuwa unanunua radio maalum, unaweka antena yake ndogo bapa kama kitabu ikitazama mbingu, unapata BBC, RFI, muziki na mengine kwa sauti safi. Shida ilikuwa bei. Radio za kwanza ziliuzwa zaidi ya dola 200, na nyuma ya miaka michache kampuni ikaanza kuomba watu walipe abonema. Mkulima wa Lubero hawezi. Waliobaki kuwa wateja ni mashirika, mahoteli na watu wenye uwezo. Oktoba 2008 kampuni ilitangaza kwamba imefilisika, na muda si mrefu radio zake zikanyamaza. Kwa hiyo ukikuta radio yenye jina WorldSpace kwa soko la vitu vya mtumba, hata ikiwa safi namna gani, usitoe pesa yako. Hakuna kitu tena kule juu cha kuiongelesha.

Kosa la pili linatoka kwa ndugu zetu walio ng'ambo. Kwa Marekani na Canada radio ya satelaiti iko hai. XM ilianza 2001, Sirius ikafuata 2002, na 2008 zikaungana kuwa Sirius XM. Watu wanasikiliza ndani ya gari, kazini na nyumbani, wanalipa kila mwezi. Wakongomani wengi wanaoishi huko wanaijua, na siku wanarudi kutembelea familia, mwingine anabeba kile chombo kama zawadi. Hapa hakitasema hata neno. Satelaiti za Sirius XM zinaelekeza mawimbi yake kwa Amerika ya Kaskazini, na sisi tuko nje kabisa ya kivuli chake. Mwambie ndugu yako ile nafasi ndani ya valizi aweke pano ndogo ya jua, itasaidia kuliko.

Basi kwetu satelaiti ya kusikiliza radio maana yake ni nini? Ni parabole na dekoda, vile vile vya televisheni. Watu wengi walio navyo tayari hawajui kwamba ndani ya dekoda yao kuko pia machaneli ya radio. Chukua telekomande, tafuta kifungo kilichoandikwa TV/R au chenye picha ya radio ndogo, finya: orodha ya televisheni inaondoka, orodha ya radio inakuja. Kwa dekoda nyingi ziko radio za dini, za muziki, na zile kubwa za kimataifa. Nimeona watu walioishi na dekoda miaka minne bila kufinya kile kifungo.

Kuko dekoda za namna mbili. Ya kwanza ni ya kampuni, inaomba abonema kila mwezi. Mbele ya kuinunua, uliza swali moja: siku abonema imekwisha, radio zinabaki ao zinafungwa pamoja na televisheni? Usikubali jibu la «zinabaki» la mdomo tu. Omba muuzaji akuonyeshe kwa dekoda ambayo haijalipiwa. Ya pili ni dekoda huru, unayonunua mara moja na fundi anaitafutia satelaiti yenye machaneli yasiyofungwa. Hapa hulipi kitu kila mwezi, lakini unapata tu kile ambacho wenyewe waliamua kutoa bure. Ukiona alama ya dola kando ya jina la chaneli, ujue imefungwa, hata kama jina lake ni zuri. Mafundi wengine wanahesabia mteja «chaneli 300» na ndani yake 200 ziko na hiyo alama. Hesabu mwenyewe.

Tuongee sasa kuhusu parabole, sababu hapa kuko jambo la pekee kwa watu wa mashariki ya Kongo. Satelaiti hizi zinakaa juu ya mstari wa ikweta, karibu kilometa 36 000 kutoka ardhini, na zinazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana tunaziona kama zimesimama fasi moja. Sisi wa Butembo, Beni, Lubero, Goma tuko karibu sana na huo mstari. Basi ikiwa satelaiti iko kwenye digri 36 mashariki, kwetu iko karibu utosini. Ile iliyo kwenye digri 68,5 mashariki, sawa vile Intelsat 20, inakaa upande wa jua kuchomoza, nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Ndiyo maana jirani wawili wanaweza kuwa na parabole zinazotazama pande mbili tofauti na wote wawili wako sawa.

Faida yake ni kwamba kwa satelaiti ya utosini, kilima hakikuzuii. Mtu wa bondeni ambaye FM ya mjini haimfikii, juu mlima uko katikati, anapata satelaiti sawa na mtu wa kilimani. Nyumba ya orofa ya jirani haikuzuii pia. Kinachozuia ni kilicho juu ya kichwa: mwavoka, mgomba uliokua, ao ncha ya bati. Na bati lenyewe halipitishi mawimbi hata kidogo, kwa hiyo mtu asikudanganye eti parabole ndogo inaweza kufanya kazi ndani ya nyumba ao nyuma ya dirisha. Dirisha linatazama jirani, halitazami utosi.

Mwambie fundi akuonyeshe mistari miwili kwenye skrini, wa nguvu na wa ubora. Wa nguvu unapanda hata kama parabole inatazama mahali pabaya. Wa ubora ndio wenye maana. Usimlipe mpaka wa ubora umepanda na umekaa, na kama inawezekana mlipe sehemu ya mwisho nyuma ya mvua moja kubwa. Mvua yetu inakata mawimbi ya parabole. Parabole iliyowekwa vizuri inakatika dakika chache wakati wa mvua kali, iliyowekwa vibaya inakatika hata kwa manyunyu.

Na radi. Mashariki ya Kongo ni kati ya fasi zinazopigwa radi zaidi duniani, na kamba ya parabole ni njia inayoingia moja kwa moja ndani ya nyumba. Wingu likianza kunguruma, chomoa kamba nyuma ya dekoda na uchomoe pia umeme. Kuzima kwa telekomande hakutoshi. Mafundi wanaonunua dekoda zilizoungua kwa bei ya vyuma wanajua msimu wao.

Kwa kazi, parabole inafaa wapi? Inafaa fasi ambayo haihami na iko na mtu siku nzima: ateli ya kushona, salon ya nywele, duka, ofisi, chumba cha kungojea cha kituo cha afya. Na hauhitaji televisheni kubaki inawaka. Televisheni unaihitaji tu kwa kuchagua chaneli. Ukisha kuchagua, zima televisheni, chukua kamba yenye vichwa vyekundu na vyeupe nyuma ya dekoda, uipeleke kwa amplifikateri ao kwa bafle. Dekoda nyingi zikizimwa na kuwashwa zinarudi kwa chaneli ya mwisho, kwa hiyo asubuhi unafungua tu na radio inaongea. Chagua dekoda yenye namba zinazowaka mbele, usiwe kipofu pale unabadilisha bila televisheni. Kwa wanaochomelea vyuma ao wenye grupe ya mafuta kando, kuko faida nyingine: yale makelele yanayoharibu mawimbi mafupi na AM hayaigusi sauti ya satelaiti.

Wengi wanauliza kama parabole moja inaweza kutumikia kazi na nyumba. Kama ateli iko kwa uwanja mmoja na nyumba, ndiyo, lakini kile kichwa kinachokaa mbele ya parabole kinapashwa kuwa cha matokeo mawili, na kila fasi iwe na dekoda yake. Ukigawanya kamba moja kwa dekoda mbili kwa kifaa cha bei ya chini, moja itaisumbua nyingine. Kama kazi iko kwartie nyingine, basi ni kununua kila kitu mara mbili, ao kubeba dekoda asubuhi na jioni kama mtoto wa shule anavyobeba mkoba. Nimemuona kinyozi mmoja anayefanya hivyo. Parabole mbili, dekoda moja. Anasema miaka miwili sasa haijaharibika.

Umeme ndio unaoamua yote. Tupige hesabu. Batri ya volti 12 na ampea-saa 20 iko na wati-saa 240. Batri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema, kwa hiyo una 120 za kutumia. Dekoda pamoja na kile kichwa cha parabole zinakula karibu wati 10 ao 12: utasikiliza saa kumi hivi. Ukiacha televisheni ya wati 30 inawaka juu yake, saa zinashuka kuwa tatu. Radio ndogo ya mkono, kwa sauti ya kawaida, haili hata wati moja. Batri ileile ingeichukua siku nyingi. Kwa wanaotumia pano ya jua, tafuta dekoda inayokula volti 12 moja kwa moja. Kupitisha umeme wa batri kwa mashini ya kuugeuza kuwa volti 220, halafu dekoda iurudishe tena kuwa 12, ni kumwaga maji njiani.

Na simu? Radio ya intaneti ya sauti ya kawaida, tuseme kilobiti 64 kwa sekunde, inakula karibu mega 29 kwa saa. Mtu anayesikiliza saa nane kazini anamaliza mega 230 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni karibu giga 6. Linganisha na bei ya forfe yako. Starlink nayo, ambayo serikali iliipa ruhusa mwezi Mei 2025 nyuma ya kuikataza mwaka 2024, ni satelaiti kweli, lakini za karibu, kilometa 550 hivi juu yetu, na inaleta intaneti. Chombo chake cha kawaida kinakula kati ya wati 50 na 100, na malipo ni ya kila mwezi. Kwa ofisi yenye watu kumi sawa. Kwa kusikiliza radio peke yake, hapana.

Mpaka hapa mtu anaweza kufikiri parabole imeshinda. Ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, sababu kuko kitu muuzaji hatakwambia: radio ya kwartie yako haiko kwa satelaiti. Kupeleka sauti juu kule kunagharimu pesa ambazo radio ya jamii haina. Parabole itakupa Paris na Nairobi, itakupa mahubiri ya bara zima, lakini haitakwambia kwamba barabara ya Kanyabayonga imefungwa leo, ao soko limehamishwa, ao timu ya chanjo iko shule gani. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2 200 kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, habari za kituo gani cha matunzo kimefunguliwa na mtu afanye nini akiwa na homa zilipita sana kwa radio za hapahapa, kwa kinande na kwa kiswahili chetu. Aliyekuwa kwa parabole asubuhi mpaka jioni alisikia namba za wafu tu, kwa lugha ya mbali.

Kwa upande mwingine, FM nayo inakatwa. Julai 2009 serikali iliikata RFI kwa FM nchi nzima, ikarudi Oktoba 2010. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa karibu siku 20 na RFI ikakatwa tena kwa FM. Wakati kama huo, wenye parabole na wenye mawimbi mafupi ndio walioendelea kusikia kutoka nje. Na mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa. Pale, parabole bila batri ni sahani ya chuma tu. Familia zilizojificha chini ya vitanda zilihitaji kitu kimoja: radio ndogo yenye mapile, sauti chini.

Satelaiti zenyewe si za milele. Tarehe 19 Oktoba 2024, satelaiti moja kubwa, Intelsat 33e, ilipasuka vipande vipande angani, na wateja wake wa Afrika, Ulaya na Asia wakapoteza mawimbi mara moja. Na wakati mwingine satelaiti iko nzima, mwenye kuongea ndiye ananyamazishwa: Machi 2025 Sauti ya Amerika ilizimwa kwa amri ya serikali yake yenyewe, na wazee waliozoea kiswahili chake tangu ujana wakabaki wanazungusha kifungo bure.

Kwa hiyo ushauri ninaompa anayeniuliza ni huu. Kama uko na dekoda tayari, usinunue kitu kingine, tafuta kile kifungo cha radio kwanza. Kama huna, na uko bondeni fasi FM haifiki, na uko na batri na pano, dekoda huru ya volti 12 ni pesa iliyotumika vizuri kwa kazi. Kama uko mjini, FM inaingia safi na pesa ni kidogo, acha satelaiti. Na kwa hali yoyote, nyumbani kuwe radio moja ndogo yenye FM na mawimbi mafupi, yenye mapile mapya yaliyowekwa kando, ambayo watoto hawaruhusiwi kuyatoa kwa ajili ya tochi. Ijaribu mara moja kwa juma, jioni, mawimbi mafupi yanapoingia vizuri, ili siku ya shida usianze kutafuta namba gizani.

Yule Mama mshonaji alitaka kurudisha radio yake kwa butiki. Tukamuonyesha kwanza SW4 ilivyo jioni. Alisikiliza kidogo, akauliza ile sauti inatoka wapi, akaifunga tena ndani ya kartoni. Radio alibaki nayo. Ila alienda kumwambia mwenye butiki arudishe tofauti ya bei, na mara ya mwisho tulipomuona walikuwa bado wanabishana.